Siku moja maishani mwangu: mwonjeshaji mvinyo, Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Naoga na kujipaka mafuta yasiyo na harufu. Manukato ni mwiko kazini kwetu, kwa sababu mgeni akiinamia glasi anatakiwa anuse zabibu, asininuse mimi. Watu wakisikia naonjesha mvinyo hudhani nashinda nikinywa. Jamani, mpaka mchana huwa nimekunywa chai tu.

Saa 1:15. Nafika kiwandani, kiwanda kidogo tu nje ya mji. Ni mavuno ya Agosti. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini mavuno haya ya kiangazi ndiyo yangu: mvua hakuna, magonjwa ya ukungu yamepungua, na sukari imepanda vizuri kwenye tunda. Wakulima wanashusha kreti, wengi wao wazee. Nawaamkia shikamoo, kwa anayetaka Kigogo namwambia mbukwenyi, kisha naomba vishada viwili vitatu kwa ajili ya meza ya wageni. Siviweki kwenye friji. Zabibu yenye ubaridi haina la kusema.

Saa 3:00. Glasi. Hapa ndipo vyumba vingi vya kuonjea vinapoharibu mambo. Glasi iliyofutwa kwa kitambaa chenye harufu ya sabuni inaua mvinyo wowote. Mimi nasuuza kwa maji ya moto, naning'iniza, nafuta kwa kitambaa kikavu cha pamba. Mvinyo mweupe unaingia kwenye friji mapema. Mwekundu pia unaingia, dakika ishirini hivi kabla ya wageni, na wapo wanaonibishia kila wiki kwamba mwekundu hunywewa bila kupoozwa. Huko kwenye nchi za baridi, sawa. Hapa chumba kikishafika nyuzi 28, unachokinusa ni pombe tupu.

Saa 5:00. Kundi la kwanza: mtu na mkewe kutoka Dar es Salaam, shangazi yao asiyekunywa, na dereva wa teksi aliyewatoa stesheni. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wa wikiendi wameongezeka kweli.

Siwakalishi. Nawapeleka kwanza kwenye kreti. Kila mmoja anatafuna Makutupora nyekundu, zabibu yetu iliyopewa jina la eneo lenye kituo cha utafiti wa zabibu, na nawaomba wasiteme ganda haraka. "Tafuna mpaka ulimi ukauke." Ule ukavu ni tanini, kama wa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Kisha tunakwenda kwenye tangi. Navuta kikombe cha mchuzi wa zabibu ulio katikati ya kuchachuka: mzito, una povu, mtamu nusu na mkali nusu. Nawakataza kuinamisha kichwa juu ya tangi, hewa inayotoka humo si ya mchezo. Shangazi anauliza kama kikombe hicho kimeshakuwa pombe. Kimeshakuwa, mama. Yeye na dereva nawapa juisi iliyokamuliwa asubuhi, kwenye glasi zilezile za shina refu. Asiyekunywa akipewa soda kwenye plastiki pembeni, umeshamfukuza.

Mezani siulizi mtu anapenda mvinyo gani. Nauliza anaweka vijiko vingapi vya sukari kwenye chai. Mume anasema vitatu, na tayari anautaka mtamu. Namwekea wa mwisho, makusudi. Ukitangulia mtamu, Chenin Blanc kavu inayofuata, yaani mvinyo mweupe usio na utamu, itaonekana siki. Tunaanza na hiyo Chenin, na karanga za kukaanga. Nani anapata nini? Mke anasema ukwaju. Shangazi, kwa kunusa tu, anasema ubuyu. Naandika yote mawili kwenye kadi zao, maana hawatakumbuka maneno yangu, watakumbuka ya kwao. Ikifuata nyekundu kavu na nyama choma ya mbuzi, mume ananyamaza. Ule mtamu ulipokuja aliunywa, lakini chupa alizonunua ni za nyekundu.

Saa 8:00. Ugali na mlenda, haraka.

Saa 9:00. Kundi la maofisini, wengi, wana haraka na wanataka picha. Nawapa mvinyo wa aina tatu na historia fupi: wamisionari wa Bihawana, mvinyo wa misa, wakulima wa Kigogo wanaohangaikia bei kila msimu. Wanapiga picha, wanaondoka. Sina kinyongo, ila ziara ya namna hiyo ni kuhudumia tu.

Saa 10:30. Wanandoa vijana, wameingia bila miadi. Bahati yao, mzee mmoja wa asubuhi amekuja kuulizia malipo yake na amekaa kivulini. Namwomba akae nao. Anawaonyesha kwa vidole anavyopogoa: tawi linakatwa, linaachwa macho machache ya kuchipua, na kuanzia siku hiyo ndipo anapoanza kuhesabia mavuno. Asipopogoa, mzabibu unatoa majani tu. Binti anamuuliza kama yeye mwenyewe anaupenda huu mvinyo. Mzee anacheka, anasema ule mkavu hauwezi. Chumba kizima kinacheka naye. Mimi ningefunga vyumba vyote vyenye marumaru na taa za dhahabu kwa nusu saa ya namna hiyo, lakini siyo mimi ninayelipa kodi ya jengo.

Saa 12:00 jioni. Namwaga ndoo za kutemea mvinyo, nahesabu chupa zilizofunguliwa, naziba vizuri zinazofika kesho. Bosi ametuma picha kwenye simu. Aliwahi kufika Fairview, shamba la mvinyo kule Paarl, Afrika Kusini, ambako mbuzi wanapanda mnara mbele ya wageni, na tangu hapo hajatulia. Anauliza mnara kama huo utagharimu kiasi gani hapa kwetu. Nimemjibu kwamba mbuzi tunao, tena wa kuchoma, ila kabla ya mnara tununue friji ya pili. Bado hajajibu.