Dinari Mbili Zilitoka Siku ya Pili

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimeanza kuwaandikia juu ya sala ya familia. Nimeiacha njiani, kwa sababu tangu Jumamosi kuna neno moja la Injili ya Luka linanifuata kila ninapokwenda. Nimelisikia tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, na sikuwahi kusimama nikalitafakari.

Mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu. Mzee wetu mmoja alipata kiharusi, huu ni mwezi wa nne, na upande wote wa kulia umepooza. Taarifa ilipotufikia tulifanya tulilolizoea: nikatoa namba, watu wakarusha elfu mbili, elfu tano, mmoja akatoa elfu ishirini. Nikaandika majina na kuweka alama ya vema mbele ya kila aliyetoa. Mara mbili za kwanza nilituma mchango kwa simu. Mara hii ya tatu laini ya binti yake ilikuwa na tatizo, ndiyo maana nikapeleka mwenyewe. Nalisema wazi mbele yenu na mbele ya Mungu: laini ingekuwa nzima, nisingekwenda.

Basi Jumamosi baada ya sala nikapanda bodaboda, na tulipofika nikamwambia kijana, "Nisubiri hapa dakika tano tu, usizime."

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilinipokea kabla ya mtu. Binti alikuwa amepiga magoti kitandani, mkono mmoja begani kwa baba yake, mwingine nyongani, anajaribu kumlaza ubavu peke yake, jasho linamtiririka. Chini kidogo ya kiuno cha mzee palikuwa na kidonda upana wa kisahani cha chai. Nikasema, "Shikamoo mzee," nikiwa bado nimesimama kizingitini na bahasha mkononi. Akajibu kwa upande mmoja wa mdomo, "Marahaba," macho yake yakinitazama.

Binti hakuiangalia bahasha. Alisema, "Kaka, Mungu awabariki kwa hela. Lakini hospitali walinielekeza nimgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mimi ni mmoja. Usiku usingizi unanishinda, na hiki kidonda ndiyo matokeo yake. Hebu shika hapa."

Nikashika. Mtu asiyeweza kujisaidia ni mzito kuliko anavyoonekana. Akanionyesha kwamba haburutwi, maana ngozi itachubuka. Anainuliwa kwa shuka, wawili mkishikilia pande mbili. Mto mmoja katikati ya magoti, mwingine mgongoni asirudi chali. Kisha akapitisha kiganja chini yake polepole kunyoosha shuka, maana hata mkunjo mdogo unakula ngozi. Nje pikipiki ilikuwa bado inanguruma.

Sasa turudi kwa Luka, sura ya 10, kwenye mfano wa Msamaria mwema. Wote watatu walimwona yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi na kuachwa kando ya njia. Kuhani alimwona, Mlawi alimwona, Msamaria alimwona. Kuona hakukuwatofautisha. Wawili "wakapita kando". Wa tatu alimhurumia, "akakaribia, akamfunga jeraha zake, akizitia mafuta na divai". Ndilo neno lililonikamata: akakaribia. Halafu soma taratibu uone fedha zinaingia wapi. Amekwisha kumfunga jeraha, amekwisha kumpandisha juu ya mnyama wake, amemtunza katika nyumba ya wageni. "Hata siku ya pili akatoa dinari mbili." Siku ya pili! Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama ile waliyopatana wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Matayo 20, kwa hiyo si fedha kidogo, na Bwana hakuzidharau. Lakini siku ya kwanza ilikuwa ya mikono. Sisi tumejifunza kuanzia siku ya pili. Mimi nimeanzia siku ya pili miaka yote niliyoshika daftari la jumuiya, nikidhani nimemaliza.

Nimemkumbuka sana wiki hii Mtakatifu Damien wa Molokai. Alikwenda mwaka 1873 katika kile kisiwa cha Hawaii ambako wagonjwa wa ukoma walitengwa, akiwa na miaka 33. Huwa tunamsifu kwa ujasiri wake, nami nilikuwa namwona kama mtu wa chuma. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba harufu ya vidonda ilimlemea, akaanza kuvuta kiko ili aweze kuivumilia. Hakuzaliwa na pua tofauti na yangu. Aliosha vidonda, alichimba makaburi, alitengeneza majeneza kwa mikono yake, na katika kuhubiri alisema "sisi wenye ukoma", hadi ugonjwa ukamshika kweli. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na miaka 49. Nilipokuwa nimesimama kizingitini nikitafuta hewa, ningefarijika kujua kwamba mtakatifu naye alipambana na harufu, na hakurudi nyuma.

Wapendwa, naomba niseme neno gumu, na linaniuma mimi kwanza. Mzee huyu akifariki leo, ndani ya saa mbili turubai litakuwa limesimama. Sufuria kubwa zitafika, kuni zitafika, akina mama watakesha jikoni na akina baba watakesha nje kwenye viti. Tutajaa. Tunajua kuzika, na ni jambo jema, ni moja ya matendo ya huruma. Lakini binti huyu ameomba mtu mmoja tu kila baada ya saa mbili wakati baba yake yu hai, na amekosa, katika jumuiya ya familia 22! Hata nimesikia mwenzetu akiuliza kama mzee alikuwa amemaliza zaka. Ndugu yangu, Bwana anasema, "nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Hakuuliza kadi ya zaka. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoziweka jumuiya ndogondogo mbele katika uchungaji mwaka 1976, hawakututuma tukutane kwa rozari na matangazo ya michango kisha kila mtu aende kwake. Jirani yako ni mlango wa tatu kutoka kwako. Unamjua jina, unajua anapendelea kukaa wapi kanisani.

Na wewe unayesema huna muda, nakuelewa, nami nilikuwa nimeacha pikipiki inawaka. Na wewe unayeogopa kwamba hujui kuuguza, hata mimi sikujua. Nilifundishwa kwa dakika kumi na binti aliyechoka. Yakobo katika waraka wake ameshasema juu ya kuwaambia watu "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" bila kuwapa wanachohitaji, sitaongeza kitu.

Nilitoka nikamlipa kijana, nikamwambia aende. Nikarudi ndani, tukamgeuza tena saa nane mchana. Safari hiyo mzee alinishika kidole kwa mkono wake wa kushoto, akakishikilia muda mrefu. Nilizoea kuchangia ugonjwa wake. Siku ile nilikuwa na yeye.

Tumepanga zamu. Mwenye shuka za pamba kuukuu, laini, azilete kwangu, pamoja na mito miwili. Akina mama watatu wamechukua asubuhi ili binti arudi gengeni kwake. Vijana wa kwaya wamechukua jioni. Mimi nina saa sita usiku, Jumatatu na Alhamisi. Saa nane usiku ya Jumatano na Ijumaa bado haina jina.