Siku moja maishani mwangu: mijusi kafiri, rula na mizani ya dhahabu

Mimi ni fundi wa maabara ya baiolojia katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Pamoja na hadubini, kemikali na mifupa ya kufundishia, natunza mijusi kafiri, na kibali cha kuwafuga tunacho. Ni wale wale wanaokimbizana darini kwako usiku. Wataalamu wanawaita Hemidactylus mabouia. Watu wengi hudhani kazi yangu ni kuwatupia wadudu na kufunga mlango, kwa hiyo nimeona niandike siku nzima ilivyo, tena siku ya kupima, maana ndiyo inayoamua nani akae na nani.

Saa 11:45 alfajiri

Mjusi kafiri ni mnyama wa usiku. Ukimfuata saa mbili asubuhi ameshajibana nyuma ya gome, huoni hata mkia. Ndiyo maana natoka Chikongola mapema, bodaboda wa kijiweni ananijua, na naingia maabara kabla hakujapambazuka vizuri. Taa siwashi. Nashika tochi, naielekeza chini, napita kasha moja baada ya jingine nikitazama kila mmoja amekaa wapi.

Kasha la tatu lina dume mmoja na majike watatu. Dume yuko juu kabisa, kwenye mwanzi, kichwa chini. Majike wawili wako ukutani. Wa tatu, mdogo wao, yuko sakafuni karibu na bakuli la maji, na rangi yake imekolea weusi. Wiki iliyopita pia alikuwa hapo hapo. Mjusi anayeshinda chini wakati kuta zipo tupu amezuiwa kupanda, na namwekea alama kwenye daftari: J5, apimwe wa kwanza.

Saa 1:30 asubuhi

Usafi. Naokota vinyesi, nabadilisha maji, napulizia kuta kwa chupa ya kunyunyizia, kwa sababu hawa hupenda kulamba matone kuliko kunywa bakulini. Joto halinisumbui, Mtwara yenyewe inatosha. Mfugaji wa Ulaya hununua taa za kupasha, mimi hangaiko langu ni kuhakikisha kasha halipigwi na jua la dirishani.

Nanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Hakuna mjusi kafiri mwenye sumu, si wa kuuma wala wa kukojoa, na nalirudia hili kila muhula kwa sababu hofu hiyo imeua mijusi wengi wasio na hatia. Lakini mijusi hubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo kunawa si hiari. Kisha chai, na ming'oko ya moto kutoka kwa mama wa getini.

Saa 3 asubuhi

Hapa ndipo siku ilipo.

Vifaa ni vichache: chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, rula, na mizani ndogo ya kupimia dhahabu, ile inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Namwingiza mjusi kwenye chombo badala ya kumkamata kwa vidole, maana akibanwa hukata mkia, na mkia ukikatika amepoteza akiba yake ya mafuta. Unaota mwingine, ila haufanani na wa kwanza: ule wa awali una vijipele vilivyojipanga kwa mistari, huu mpya ni laini. Kwa sababu hiyo urefu siupimi mpaka mwisho wa mkia. Napima kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja, basi. Ukihesabu mkia utamwita mdogo yule aliyekomaa lakini mkia wake umekatika.

Kabla sijaanza na J5 akaingia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na kopo mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuletea dume wa hosteli."

"Marahaba. Umejuaje kuwa ni dume?"

"Si unaona alivyo mkubwa?"

Nikamhamishia kwenye chombo changu, nikakinyanyua juu ili sote wawili tumtazame tumboni. Ngozi ya chini ya mjusi kafiri ni nyembamba na ina weupe wa maziwa, mwanga ukipita nyuma yake mengi huonekana. Nikamwonyesha kwanza mapaja. Dume wa jamii hii ana mstari wa vitundu vidogo vyenye kitu cha manjano kama nta, unaoanzia kwenye paja moja, unapita mbele ya tundu la haja, na kwenda paja la pili. Nyuma ya tundu hilo, shina la mkia limevimba pande mbili. Huyu hakuwa na mstari, na shina la mkia wake lilikuwa bapa. Nikasogeza kidole juu kidogo: mayai mawili meupe, moja kila upande, yanaonekana kupitia ngozi. Na shingoni uvimbe mweupe kulia na kushoto, akiba ya chokaa ambayo jike huitumia kutengenezea maganda.

Mwanafunzi alinyamaza akitazama. Tukampima: mwili milimita 62. Dume wa kasha langu la pili ana milimita 57.

Hili ndilo ninalotaka kila anayefuga alijue. Kwa mijusi kafiri wa majumbani, dume kwa kawaida huzidi kidogo, na kinachozidi hasa ni kichwa: taya pana, misuli ya shavu imejaa. Lakini kidogo hicho ni cha wastani wa kundi. Ukimshika mmoja mmoja, jike mzee anamzidi dume kijana bila shida yoyote. Wako jamaa zao ambao tofauti ni wazi zaidi. Yule mjusi wa madoa wa Pakistani, Afghanistani na India anayefugwa sana Marekani na Ulaya, dume wake huwa mzito zaidi na shingo nene. Tokei wa Asia ya Kusini-Mashariki, dume anaweza kuvuka sentimita 30 na mkia wake, na jike hubaki chini yake. Zipo pia jamii ambazo jike ndiye mkubwa. Kwa hiyo ukubwa haukuambii jinsia. Unakuambia kitu kingine, nani anaweza kumuumiza nani, na makazi yapangwe kwa hilo pamoja na jinsia, siyo kwa jinsia peke yake.

Basi J5. Gramu 2.6, wiki iliyopita alikuwa 3.0. Dume wake ana 4.6. Shingoni ana alama za meno, na hizo peke yake zisingenishtua, dume humng'ata jike shingoni wakati wa kupanda. Kilichonishtua ni mikwaruzo ubavuni na tumbo lililobonyea. Wenzake wawili wako salama, wanakaribiana na dume kwa urefu. Yeye ni mfupi kuliko dume kwa milimita kumi na moja.

Vitabu vingi vinasema dume mmoja kwa majike wawili au watatu, na madume wawili kamwe wasikae pamoja. Ni kweli, madume hupigana mpaka mmoja aumie, hata kasha likiwa kubwa. Ila kanuni hiyo inahesabu vichwa tu. Mimi nimeongeza ya kwangu: ndani ya kasha moja, aliye mdogo asipungukiwe kwa zaidi ya milimita tano na aliye mkubwa. Na watoto hawakai na watu wazima hata siku moja, maana mjusi mkubwa akikutana na kichanga humla, awe wake au wa mwingine.

J5 anahama leo.

Saa 6 mchana

Nimekwenda Magomeni kwa fundi seremala kuchukua kasha jipya. Kila mara ananiuliza kwa nini nataka kasha refu la kusimama badala ya la kulala, na kila mara namjibu kwamba hawa wanaishi ukutani, sakafu kwao ni njia ya kupita tu. Sentimita 30 kwa 30, urefu 45, kioo mbele, wavu wa chuma juu. Wavu wa plastiki hapana, nyenje wanautoboa.

Nilikagua mlango kwa ukucha. Upande wa bawaba palikuwa na upenyo.

"Mzee wangu, hapa kichanga anapita."

"Hapo? Hata sisimizi atapita kwa shida, mwanangu."

"Kichanga wake ana mwili wa sentimita mbili, na kichwa chake ni bapa."

Hakubishana. Akachukua randa, akapunguza ukingo, akagonga kipande cha mpira. Nampenda mzee huyu kwa sababu hiyo: ukimpa kipimo anakiheshimu.

Saa 8 mchana

Ugali na samaki, haraka. Katikati ya tonge simu ikaita. Mtu simjui, anataka "wale wa bluu" na ana mnunuzi nje ya nchi. Anamaanisha Lygodactylus williamsi, mjusi mdogo wa msitu wa Kimboza, Morogoro. Dume wake ni bluu ya kung'aa, jike ni wa kijani, na rangi hiyo ndiyo iliyomponza: walikusanywa kwa maelfu wakauzwa. Tangu 2017 wako kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na Serikali ilishapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Nilimweleza hayo yote kwa utulivu, nikamwomba asinipigie tena.

Saa 10 jioni

Natayarisha kasha la J5. Vipande viwili vya mwanzi, gome la mwembe, tawi lenye majani. Kila mjusi apate maficho mawili, moja juu na moja chini, ili asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kupanda. Atakaa na jike mwenzake wa milimita 53, aliyekuwa peke yake. Majike wanaolingana huelewana.

Chakula ni nyenje na mende wadogo tunaowazalisha wenyewe. Wadudu wa kuokota nje siwachukui, huwezi kujua wamepuliziwa dawa gani. Kipimo cha mdudu ni nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, asizidi hapo. Kwa hiyo hata sahani zangu ni mbili, ya wakubwa na ya wadogo, na hii ni faida nyingine ya kuwapanga kwa urefu: wakichanganyika, mkubwa anamaliza nyenje wadogo na mdogo anaachiwa asiyeweza kumeza.

Chokaa ninayowanyunyizia wadudu ni ya bahari yetu. Mfupa mweupe wa dome, jamaa wa pweza, huletwa na maji mpaka ufukweni Shangani. Nauokota, nauchemsha, naukausha juani siku kadhaa, nautwanga kwenye kinu mpaka uwe unga laini kabisa. Nyenje anatikiswa ndani ya mfuko wenye unga huo, anatoka mweupe. Majike wanaotaga ndio wanaouhitaji zaidi, kwa hiyo mgeni wetu wa hosteli amewekewa pia kisahani kidogo pembeni.

Saa 12:45 jioni

Wanaanza kutoka. Dume wa kasha la tatu alilia, ule mlio wa "tik-tik-tik" unaousikia nyumbani kwako, na dume wa kasha la pili akajibu. Kati ya makasha yao nimeweka ubao, kwa sababu madume wanaoonana kupitia kioo hushinda wakitishiana na kusahau kula.

J5 alikaa nyuma ya mwanzi muda mrefu. Kisha akapanda ukuta, wa nyuma, hadi karibu na wavu. Nyenje wa kwanza alimkosa. Wa pili alimshika, akamtafuna kwa mikupuo, akalamba macho yake kwa ulimi kama kawaida yao, kwa kuwa hawana kope za kufumba. Akachukua na wa tatu.

Saa 2 usiku

Daftari. J5: kasha la tano, amekula nyenje watatu, apimwe tena baada ya wiki. Kasha la tatu: dume na majike wawili, asiongezwe mtu. Mgeni: milimita 62, jike, mwenye mayai, akae peke yake mwezi mmoja au zaidi tukiangalia kinyesi chake kama kina minyoo, mchanga mkavu na gome la kutagia viwepo. Akitaga, mayai yasigeuzwe wala kuhamishwa bila kuwekewa alama ya penseli upande wa juu. Baada ya hapo atatafutiwa dume wa kulingana naye, na kwa vipimo vya leo anayemkaribia zaidi ni wa kasha la tatu, ambalo limejaa.

Kesho nitarudi kwa fundi kuagiza kasha jingine.