Jioni Tulipokosa Akidi

Watu wengi wakisikia habari za vyama vya udugu vya vyuo vikuu vya Marekani, vile vyenye majina ya herufi za Kigiriki, huwaza nyumba kubwa, muziki na ulevi. Chetu hakikuwa na nyumba. Kilikuwa na daftari la kumbukumbu, akaunti ya benki, na kikao kila Jumapili saa moja jioni katika darasa moja la kitivo cha biashara. Kilikuwa chama cha udugu wa kitaaluma, na mimi, mgeni kutoka Afrika Mashariki, nilikuwa mwenyekiti wa tawi.

Udugu wa namna hii si wa jana. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Michigan walianzisha Phi Delta Phi mwaka 1869. Wa biashara walikuja baadaye, pale New York University: Alpha Kappa Psi mwaka 1904, Delta Sigma Pi mwaka 1907. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Vyama vya udugu vya kijamii vilipata msamaha miaka miwili baadaye, vya kitaaluma havikupata. Ndiyo maana darasani mwetu tulikaa wake kwa waume, na sote tukaitana ndugu.

Kikao chenyewe, kwa kawaida, kilichosha, na nasema hivyo kwa kukisifu. Katibu aliita majina. Tulithibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, tukaingia kwenye yatokanayo, kisha taarifa za kamati: mgeni wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu anakuja Alhamisi, nani atawafanyisha wadogo zetu mazoezi ya usaili, wanachama watarajiwa wamefikia wapi, ukumbi wa kujitolea umeshalipiwa au bado. Halafu hoja mpya, mengineyo, kufunga. Anayetaka kusema alisimama, akasubiri kiti, yaani mwenyekiti, kimtambue, akasema na kiti wala si na mwenzake aliyemkera. Dakika mbili, basi.

Utaratibu huo ulitoka kwenye kitabu cha Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, kilichochapwa mwaka 1876 kwa jina la Robert's Rules of Order. Aliwahi kuombwa kuongoza mkutano wa kanisa mjini New Bedford, Massachusetts, hali hajui hata pa kuanzia. Aliumbuka, akajiapiza kwamba hahudhurii mkutano mwingine mpaka ajue unavyoendeshwa. Kitabu chake kina kurasa nyingi za kusinzisha, lakini nilikipenda kwa jambo moja: hakuna anayebanwa kama mwenyekiti. Hachangii mjadala, akitaka kuchangia, amwachie makamu kiti. Mikono ikinyooshwa wakati wa kura yeye hanyooshi, isipokuwa pale kura yake inapoweza kugeuza matokeo. Mimi niliyekulia kwenye vikao ambavyo mwenyekiti hufungua kwa hotuba na kufunga kwa hotuba ndefu zaidi, niliona kama nimefungwa gavana ya mwendo kama basi. Baadaye nikaona faida yake. Ukinyamaza, unapata nafasi ya kutazama nyuso, na kumjua aliye na neno lakini anaogopa kunyoosha mkono.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa likizo ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya kutoa shukrani mwezi Novemba. Aliyepanga kalenda yetu mwezi Septemba aliipanga bila kukumbuka kwamba siku hiyo nusu ya Marekani iko barabarani na nusu nyingine imekwama viwanja vya ndege. Na jioni hiyo ndiyo iliyowekwa kwa uchaguzi wa viongozi wapya wa tawi. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kuapisha wanachama wapya, baada yake mitihani, na makao makuu yalitaka orodha ya viongozi kabla ya muhula kufungwa.

Katibu akaita majina. Wanachama hai tulikuwa 46, kwa hiyo akidi, yaani zaidi ya nusu yetu, ilikuwa 24. Waliokuwepo, pamoja nami, 21.

Nikatangaza kwamba akidi haijatimia. Kimya kidogo, kisha mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si tuendelee tu? Hakuna atakayejua." Wenzake wakacheka, na niliona vichwa kadhaa vikikubali. Ni fikra inayokuja upesi, kwa sababu waliofika ndio waliojisumbua. Kwa nini kazi yao isimamishwe na waliolala? Lakini akidi haikuwekwa kwa ajili ya waliofika. Imewekwa kwa ajili ya yule aliye kwenye basi, asirudi akakuta watu wachache wamemwamulia kila kitu.

Hapo mweka hazina wetu akasimama. Alikuwa binti anayesomea uhasibu, na sikuwahi kuona kosa katika vitabu vyake. Alikuwa na jambo lake la siku nyingi. Makao makuu hulitoza tawi kwa kila jina lililo kwenye orodha ya wanachama, awe amelipa ada au hajalipa. Wadaiwa wetu walikuwa 13, na fedha za kuwalipia zilitoka kwenye mfuko tuliouchanga kwa kuosha magari na kusimamia milango kwenye mechi za chuo. Binafsi niliona ana haki ya kukasirika.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "mwanachama asiyelipa ada si mwanachama hai. Tuwatoe hao 13 kwenye orodha, tubaki 33. Nusu ya 33 na ushei ni 17. Akidi tunayo."

Minong'ono ya furaha. Mtu akapiga makofi. Akaenda ubaoni akaiandika hesabu yenyewe kwa chaki, na kweli ilipendeza kuitazama. Katibu, ambaye alikuwa hajainua uso kutoka kwenye daftari lake, akasema taratibu: "Humu ndani wadaiwa wako watano. Ukiwatoa, tunabaki 16."

Darasa zima likaangua kicheko, mweka hazina akiwa wa kwanza, kwa sababu mtu wa hesabu huijua hesabu iliyompiga. Wale watano hawakucheka. Mmoja alikuwa anasoma kwa bidii maandishi ya kwenye chupa yake ya maji.

Hata kama hesabu ingetimia, isingewezekana. Kanuni za tawi letu zilisema mwanachama anayedaiwa zaidi ya siku 30 anaweza kusimamishwa kwa kura ya tawi, baada ya kupewa taarifa kwa maandishi. Anaweza, si amesimamishwa. Mpaka kura hiyo ipigwe, mdaiwa ana haki zote, na kitabu cha Robert kinasema vivyo hivyo kwa chama chochote ambacho katiba yake haikusema vingine. Na kura hiyo huwezi kuipiga bila akidi. Kikao kisicho na akidi kina ruhusa ya mambo machache sana: kufungwa, kupangiwa siku nyingine, kupumzika kidogo, au kutafuta watu.

Basi tukapumzika ili tutafute watu. Nikatoa dakika 40, simu zikaanza. Kila mmoja alijua nani kesharudi bwenini na nani bado yuko njiani. Makamu wangu alimpigia mtu aliyekuwa maktaba. Mwingine alikutwa chumba cha kufulia nguo, akasema nguo zake ziko kwenye mashine. Akaambiwa zitazunguka bila yeye. Wawili hao wakaja, mmoja kwa kandambili na soksi, ingawa kanuni zetu zilitaka mavazi ya kazini. Sikuona sababu ya kumkumbusha mtu mavazi wakati namhitaji kama hesabu.

Tukawa 23, na dakika zikawa zimebaki chache. Aliyekuja wa 24 hakupigiwa na mimi wala makamu. Alipigiwa na mweka hazina, ambaye alikuwa anapitia orodha kwa herufi bila kuruka jina. Ni kijana wa mwaka wa nne ambaye tangu Oktoba alikuwa haonekani vikaoni. Alikuwa miongoni mwa wale 13. Alifungua mlango, akaona ubao umejaa hesabu ya kuwatoa wadaiwa, hakuna aliyekuwa amekumbuka kufuta, akabaki amesimama na mkono kwenye kitasa. Nikamkaribisha. Akaketi karibu na mlango.

Kwa hesabu yoyote ile akidi sasa ilikuwepo: tulikuwa 24 kati ya 46, na hata kwa chaki ya mweka hazina walibaki 18 kati ya 33. Nikakifungua tena kikao. Nilikuwa sijamaliza kutaja nafasi zinazogombewa, mweka hazina akasimama.

"Utaratibu, ndugu mwenyekiti. Wadaiwa wasipige kura katika uchaguzi huu."

Nikatoa uamuzi: hawajasimamishwa, watapiga kura. Akakata rufaa dhidi ya uamuzi wa kiti, mtu akamuunga mkono, na yote mawili yalikuwa haki yao. Rufaa ni moja ya nafasi chache ambazo mwenyekiti anaruhusiwa kujieleza bila kuachia kiti, kwa hiyo nikasoma kifungu, nikasema hakuna hata mmoja wa hao aliyeandikiwa barua, nikakaa. Yeye alisema kwamba tunawafanya wanaolipa waonekane wajinga. Alisema vizuri, kwa ukali, na niliona wengi wamekubaliana naye. Mtu akauliza kama wadaiwa waipigie kura hata rufaa yenyewe inayowahusu. Nikamjibu kwamba haki ya mtu ya kupiga kura haiondolewi wakati ndiyo kwanza inajadiliwa.

"Wanaoafiki uamuzi wa kiti usimame, wanyooshe mikono." Kumi na mmoja. "Wasioafiki." Kumi na wawili.

Nilinyoosha mkono wangu. Kumi na wawili kwa kumi na wawili, na kura zikilingana uamuzi wa kiti unabaki, kwa kuwa kuutengua kunahitaji wengi na wengi hawakupatikana. Kuna walioguna kwamba nimejipigia kura mwenyewe. Ni kweli nilijipigia. Kanuni inaruhusu, hata kama kura ya mwenyekiti ndiyo inayoleta sare, na ningefanya hivyo tena leo. Lakini nilichokuwa nakitazama wakati ule ni yule kijana karibu na mlango. Bila yeye akidi ingevunjika. Angeweza kuinuka akatoka, na hakuna uchaguzi, hakuna lolote, na angekuwa ametulipa kwa ile chaki ubaoni. Alikuwa ameshakunja koti lake, akaliweka chini ya kiti.

Uchaguzi wenyewe ulikwenda haraka, kura za siri kwenye vipande vya karatasi, wasimamizi wawili wakihesabu pembeni. Mweka hazina alichaguliwa kuwa mwenyekiti mpya. Sitajua kama wadaiwa walimpa kura, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kabla ya kufunga alitoa taarifa rasmi kwamba katika kikao cha kwanza cha Januari italetwa hoja ya kuwasimamisha wadaiwa, na barua zao zitatumwa. Safari hii kila kitu kilikuwa mahali pake.

Januari nilikaa safu ya nyuma. Kikao kilianza na kumbukumbu. Katibu alikuwa ameandika kwamba kijana wa mwaka wa nne "alifika kwa kuchelewa kutokana na aibu ya deni." Kijana mwenyewe akasimama kuomba maneno hayo yaondolewe, na alikuwa sahihi: kumbukumbu za kikao huandika lililotendwa, si lililosemwa, sembuse lililodhaniwa. Mwenyekiti mpya akauliza kama kuna pingamizi. Hapakuwa na pingamizi. Maneno yakafutwa.

Kisha ikaja hoja ya wadaiwa, nikashuhudia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mtu aliyeijua hoja hiyo kuliko yeyote, aliyekuwa na tarakimu zote kichwani, sasa alikuwa kwenye kiti na hakuruhusiwa kuijadili. Alikaa ameshika kalamu kwa mikono miwili huku mweka hazina mpya akiieleza vibaya. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga. Makamu wake alikuwa pale pale, angeweza kumwachia kiti, hakumwachia.

Kijana wa mwaka wa nne akaleta marekebisho: mdaiwa atakayesaini mpango wa kulipa kwa awamu mpaka mwisho wa muhula asisimamishwe, na atakayekosa awamu moja asimamishwe bila kikao kingine. Hiyo sehemu ya mwisho ilikuwa kali kuliko hoja ya mwanzo, na ndiyo iliyowavuta waliokuwa wanasita. Na mimi, niliyekaa kimya kwenye kiti mwaka mzima, nikanyoosha mkono. Nikatambuliwa. Nikaeleza kwamba naunga mkono marekebisho, nikaeleza ni kwa nini, nikaanza kueleza kwa nini na hoja ya awali haikuwa mbaya, nikiwa ndiyo kwanza nachanganya.

"Ndugu mwenyekiti mstaafu," akasema, "dakika mbili zako zimekwisha. Wanaoafiki marekebisho waseme ndiyo."