Kijiti kisicho na kosa

Juu ya meza yangu ya kazi kuna kijiti cha gia cha haibridi ya Kijapani, gari la petroli na umeme. Kizima kabisa. Nilikinunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 280,000 na sasa hakina gari. Ni Jumapili usiku, gereji nimefunga, mvua inapiga mabati, na kila nikiinua macho kinanitazama.

Mwenye gari ni mama mmoja muuguzi, anakaa Kimara kwa ndani, kule ambako masika yakikolea magari yanalala nyumbani na watu wanatembea na mabuti hadi kwenye lami. Alikuja mwezi wa nne. Maneno yake nimeyarudia kichwani wiki nzima hii, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema: "Fundi, linawaka vizuri ila gia haziingii. Navuta kwenda D, linapiga mlio, linabaki P. Nimetoka msibani Korogwe nimelikuta hivyo. Nikazima nikawasha, nikazima nikawasha, mara likakubali."

Nilisikia "gia haziingii". Mengine yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kwa asiyeyajua magari haya: kijiti chake ni kifupi, ukubwa wa kidole gumba hivi. Ukikivuta kwenda D, ya kwenda mbele, halafu ukakiachia, kinarudi mahali pake kama vile hukukigusa. N, ya gia huru, ndiyo usiseme, mpaka ukishikilie kidogo ndipo ikubali. P, ya kuegesha, ni kitufe pembeni. Chini hakuna kebo wala fimbo ya chuma inayokwenda kwenye giaboksi. Kuna sumaku na sensa basi, tena sensa zimewekwa jozi, ili kila mwendo wa mkono uwe na mashahidi wawili. Kompyuta ikiona mashahidi wanapishana, inagoma. Hata R yenyewe, ya kurudi nyuma, si gia. Ni mota ya umeme inazungushwa kinyume. Chuma pekee kinachosogea kweli ni kijino cha P kinachofunga giaboksi, nacho kinasukumwa na kimota kidogo. Dereva anapeleka maombi tu, anasubiri majibu.

Mimi nilijifunza kazi kwenye malori. Kule gia ikigoma unaisikia kwenye kiganja: hii klachi haijaachia, hii imeliwa meno. Vijiti hivi vya umeme nilivichukia tangu siku ya kwanza, na si mimi peke yangu niliyechanganywa navyo. Aprili 2016 magari zaidi ya milioni 1.1 duniani yaliitwa kurudi kwa mawakala kwa sababu ya kijiti cha aina hiyohiyo, kinachorudi katikati. Watu walikuwa wanashuka wakiamini wameweka P na kumbe bado. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Juni, mwigizaji Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikutwa amebanwa na Jeep Grand Cherokee yake nje ya nyumba yake Los Angeles. Gari lilikuwa limeserereka kwenye mteremko. Gari lile lilikuwa miongoni mwa yaliyotakiwa kurudishwa. Huwa nawasimulia vijana wa gereji kisa hicho ili wavute hendibreki kabla ya kuingia uvunguni. Hawavuti.

Turudi kwa mama. Nilianza vizuri, najisifu kidogo kwa hilo. Nilimsimamisha dogo nyuma ya gari, nikakanyaga breki, nikamuuliza kama taa zinawaka. Gari la otomatiki halitoki P mpaka lijue umekanyaga breki, na linajua kwa swichi ileile inayowasha taa za nyuma. Swichi ya bei ya chee imeshawapeleka watu wengi kufungua giaboksi. Taa ziliwaka. Nikapima betri ndogo, ile ya volti 12: mita ikasoma 14.1. "Betri safi," nikamwambia dogo. Nikachomeka mashine ya kupimia, zikaja kodi sita, zile namba za hitilafu ambazo kompyuta za gari huandika. Moja ilisema umeme mdogo, tatu zilikuwa za kompyuta zinazolalamika kwamba hazisikii wenzao, moja ya breki, na moja ilitaja kijiti cha gia.

Nikaichagua hiyo.

Nilikuwa na sababu. Nilipochomoa plastiki ya pembeni ya kijiti nikakuta soda iliyokauka, rangi ya kahawia, inanata vidoleni, imeshuka hadi karibu na soketi. Nani asingeamini? Mtoto amemwaga soda, soda imeingia kwenye sensa, mashahidi wamepishana, kompyuta imegoma. Hadithi ilijipanga vizuri mno, na mimi nilikuwa na mteja amesimama na pochi mkononi, ananiangalia kama mtu anayejua. Kusema "niachie siku mbili nichunguze" kulinishinda. Nikasema, "Mama, kijiti kimekufa."

Nikaenda Gerezani, nikanunua cha mtumba. Gari likalala kwangu usiku mmoja. Kabla ya kufungua chochote nikatoa waya wa hasi, na kwa kuwa betri imeshatoka kwenye waya, nikaiwekea chaja hadi asubuhi, wema tu wa fundi kwa mteja. Asubuhi nikafunga kijiti kipya, nikafuta kodi zote, nikawasha. D, R, N, D. Linateleza kama samli. Nikachukua 60,000 ya ufundi, jumla 340,000. Mama akanishukuru sana. Kile cha zamani, chenye soda yake, nikakitupa kwenye boksi chini ya meza. Mungu mkubwa sikukiuza kama chuma chakavu.

Jumanne iliyopita simu ikaita saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Ukiona namba ya mteja saa hizo tumbo linajua kabla ya sikio. "Fundi, ni lilelile. Na nina zamu saa moja."

Nilipofika, gari limeziba geti na jirani mwenye bajaji amekaa nje kwenye tofali, hasemi kitu, ananitazama tu. Mama akaniambia, "Angalia, limewaka." Kweli, dashibodi ilikuwa imejaa taa kama harusi. Na hapo ndipo nikaona nilichopaswa kuuliza mwezi wa nne. Neno READY, linaloonyesha gari liko tayari kutembea, halikuwepo.

Gari la kawaida likigoma utasikia: stata inajikongoja, injini inakohoa, hata mtoto atakwambia betri imekwisha. Haibridi iko kimya. Injini yake inazungushwa na betri kubwa, ile yenye nyaya za rangi ya machungwa ambazo sigusi bila glavu na bila kuchomoa plagi yake ya usalama. Betri ndogo haizungushi injini kabisa. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kuufungulia njia umeme mkubwa. Kwa hiyo inaweza kuchoka miezi na miezi bila mtu kujua. Siku inapolegea sana, taa za dashibodi zinakuja, redio inaimba, mwenye gari anasema "limewaka", kumbe halijawaka. Liko nusu usingizi. Na likiwa nusu usingizi, kijiti hata ukikivuta mpaka kikatike, halitoki P.

Ile 14.1 niliyoisoma je? Niliisoma gari likiwa limeshakubali, liko READY. Hapo betri kubwa inailisha ndogo, na mita yako inapima chakula kinachoingia, haipimi mgonjwa. Haya nayajua. Nimewahi kumfundisha mtu mwingine kwa mdomo wangu huuhuu.

Nilitaka kuipima pale pale ikiwa imelala. Kichekesho cha magari haya ni kwamba betri iko butini na buti linafunguka kwa umeme wa betri hiyohiyo. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikalaza siti, nikatambaa kifudifudi juu ya makoti ya mvua na galoni la maji, tochi ya simu mdomoni. Mita: 11.6. Nikamwambia mama awashe taa kubwa. Namba zikaanza kushuka huku naziangalia, 11.2, 10.7, 10.1. Akafungua mlango wa dereva, pampu ya breki ikavuma kama inavyovuma kila mlango ukifunguliwa, ikagusa 9.6. Kompyuta ya gia ikiona umeme wa namna hiyo haibishani na mtu. Inaandika kodi, inafunga.

Mbele, ndani ya boksi la fyuzi, kuna ncha yenye kifuniko chekundu kwa ajili ya kubusti. Nikaunganisha na betri niliyokuja nayo. READY. D. Gari likatoka getini, bajaji ikapita, jirani akanipungia mkono kwa namna ambayo mpaka sasa sijui kama ni shukrani.

Nikamuuliza mama swali ambalo lilikuwa la kwanza kabisa: gari lilikaa siku ngapi?

"Siku tisa. Mvua hii, nilikuwa napanda daladala. Na ile mara ya kwanza nilikuwa msibani, nilikwambia."

"Uliniambia, mama."

Jioni alilileta gereji. Nilitaka kujidhihirishia, isije ikawa nimeingia tena kwenye hadithi nyingine iliyojipanga. Nikafungua kijiti cha mtumba, nikakifuta kile cha zamani kwa spiriti, nikakirudisha. Kikafanya kazi bila kigugumizi. Soda haikuwa imefika popote. Ilikuwa uchafu tu. Kilicholiponya gari mwezi wa nne ni ile chaja ya usiku, si kijiti. Halafu nikatafuta kama kuna kinachonyonya betri usiku: nikafungua buti, nikalizungusha komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani buti limefungwa, nikaweka ufunguo mbali, mita nikaipitisha kwenye waya wa hasi, nikasubiri nusu saa kompyuta zilale. Miliampia thelathini na kitu. Hakuna mwizi. Betri ilikuwa mzee tu, na mzee akiachwa siku tisa bila kulishwa anaishiwa nguvu.

Na zile kodi sita sasa naziona kwa macho mengine. Umeme ukishuka, kila kompyuta inalia kwa sauti yake: ya breki inalia breki, ya gia inalia gia. Mimi nilimfuata aliyelia karibu na maneno ya mteja. Kodi ya umeme mdogo ilikuwa palepale kwenye orodha.

Betri yake si ya kawaida. Inakaa ndani ya gari pamoja na abiria, kwa hiyo inatakiwa iwe ya kufungwa kabisa, yenye kibomba cha kutolea hewa nje. Wapo mafundi wanaobandika betri yoyote inayotosha kwenye kile kishimo, mteja anasafiri na mvuke wa asidi nyuma ya watoto. Niliyoipata ilikuwa 420,000. Nikamwita mama pembeni, vijana wasisikie, kisha nikaona huo ni uoga, nikamrudisha palepale mbele yao. Nikamwambia kijiti chake hakikuwa na kosa, nilikosea mimi, na ile 340,000 yake naihesabu kwenye betri, aongeze 80,000.

Alikaa kimya kidogo. Nilijiandaa kutukanwa, ingekuwa haki yake. Akasema, "Kule wodini mgonjwa akija tunaanza kumuuliza yameanza lini." Akahesabu 80,000, akaondoka.

Jumatano nilirudi Gerezani na kijiti kwenye mfuko. Jamaa wa spea alinionyesha kwa kidole kibao kilicho nyuma yake, kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba vifaa vya umeme vikiuzwa havirudishwi. Nilikuwa nakijua kibao hicho. Nilienda tu.

Jana dogo aliniomba akichezee kijiti. Nikakiunganishia umeme, nikampa mita mbili, moja kwa kila shahidi, nikamwonyesha nyaya za kugusa. Amekaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima anavuta kwenda D, anaachia, anasukuma kwenda R, anaachia, na kila mara anasoma namba zote mbili kwa sauti. Zinapanda pamoja, zinashuka pamoja. Akaniuliza, "Bosi, sasa hiki kilikuwa kinaumwa nini?"

Nikamwambia alete chai.