Mbuzi ya kwenda Ujerumani: leo ulimi umetulia

Leo saa tatu usiku ulimi wa mbuzi yangu ya kukunia nazi, kile chuma chenye meno, umetulia jamani. Nimekuna nazi tatu, vifuu sita vyote, na haukucheza hata kidogo. Nilipiga ukelele mpaka mamangu akatoka chumbani mbio akidhani nimejikata. Kesho saa mbili asubuhi nina darasa la Kijerumani na zoezi sijaligusa, lakini nisipoandika leo vipimo vitanitoka kichwani, na kazi hii yote ni vipimo.

Lengo halijabadilika, mbuzi ya nazi inayoingia kwenye begi la kilo 23. Naenda Hamburg kusomea uuguzi, mafunzo ya miaka 3, na kwenye zile kilo 23 mbuzi nimeitengea kilo 2 basi, zilobaki ni nguo za baridi, vitabu, na vitu ambavyo mamangu anaviingiza nikiwa nimelala. Mbuzi zetu zinakunjwa, mtoto wa Lamu haambiwi hilo, shida yangu haikuwa kukunja. Shida ni ulimi. Ukishaikunja mbuzi ulimi bado umetokeza mbele kama mdomo wa sulisuli, na siku nilipojaribu kupanga begi ulitoboa kitambaa ukatokea upande wa pili, begi jipya kabisa, nililia. Kwa hiyo ulimi lazima uchomoke, usafiri peke yake umeviringwa kwenye kanga, afu ukifika urudi mahali pake ukae imara kama umepigiliwa. Hapo kwenye kukaa imara ndo nimekwama wiki tisa.

Na sitaki ulimi mwingine. Huu ni wa mbuzi ya bibi. Vibao vilishaliwa na mchwa, nikachomoa chuma kabla havijatupwa. Una meno 13. Yalikuwa 14, moja lilivunjika kabla sijazaliwa, na kwa sababu ya lile pengo ukikuna unabaki mstari mwembamba wa nazi ndani ya kifuu ambao haujaguswa, basi unageuza kifuu kidogo na kupitisha tena. Nyumbani kwetu kila mtu anakuna hivyo, anageuza kidogo kushoto, hata kwenye mbuzi ya jirani yenye meno yote. Nimeyanoa kwa tupa ya pembe tatu, jino moja moja, jioni mbili, na tafadhali mtu asinitajie grainda hapa. Grainda inachoma chuma, jino linageuka buluu na ukali wake hauishi mwezi. Tupa ni polepole lakini mkono unasikia mahali chuma kinapokubali.

Sasa majaribio, maana nimefeli sana na nataka yaandikwe.

La kwanza lilikuwa bolti moja. Shina la ulimi, ile sehemu inayokaa kwenye kibao, ni bapa na lina tundu la msumari wa zamani, nikapitisha bolti pale na nati yenye masikio chini yake ili niweze kuifungua kwa mkono. Safi kwa macho. Kifuu cha kwanza tu ulimi ukazunguka kama mshale wa saa ukaangalia ukuta. Nikakaza, ukazunguka tena. Nikaweka washa ya mpira, ukazunguka polepole zaidi.

La pili, bolti mbili. Chuma cha kale ni kigumu ajabu, nimeua biti mbili za drili kupata tundu moja, na tundu lenyewe kulitoboa kwenye ulimi wa bibi roho iliniuma. Ulimi haukuzunguka tena, ni kweli, ila nilitoboa matundu yote mawili kwenye mshipa mmoja wa mbao, na nazi ya pili mbao ikapasuka tundu kwa tundu, tah, nikabaki na kifuu mkononi. Kile kibao kilikuwa mbambakofi, kipande kilichobaki kwa mjomba kwenye fremu ya mlango, kizuri mno, na kizito mno pia, seti nzima ilikuwa kilo 3 na nusu. Kwa upande wa uzito mpasuko ulinisaidia kwa sababu nilihamia mwembe. Mwembe mwepesi, unakubali patasi, haupasuki ovyo. Najua mafundi wanaudharau. Kwa mlango sawa, kwa mbuzi mimi ni mtu wa mwembe sasa.

La tatu ndo limenila roho. Niliacha bolti kabisa, nikachimba mfereji kwenye kibao, shina liteleze ndani na lijikabe lenyewe kama kabari. Upande mmoja mpana, upande mmoja mwembamba. Nikafikiri hivi: ninachoogopa ni ulimi kuchomoka mbele, basi mfereji niufanye mwembamba mbele na mpana nyuma, shina liingie kutoka upande wangu mkaaji. Wiki tatu nimefanya hivyo hivyo. Wiki tatu! Kila nikikuna, misukumo mitatu minne, ulimi unalegea. Nikaongeza kukaza, unalegea. Nikabandika kipande cha ngozi, unalegea. Nikalaumu mwembe, nikalaumu patasi yangu, nikalaumu unyevu, maana huu ni msimu wa kusi na kila kitu ndani ya nyumba kina unyevu.

Na wiki hizo hizo tatu ndo nilikuwa napigana na herufi W. Jina la babangu kwenye kitambulisho lina W, kwenye cheti changu cha kuzaliwa halina. Saleh na Swaleh, huku pwani ni mtu yule yule, hakuna anayeuliza, lakini kwenye makaratasi ya viza ni watu wawili. Ofisi moja ikanituma ofisi nyingine, ile nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza nikachukue barua, barua ikatoka na jina likiwa na W mbili. Kila safari ni boti mpaka Mokowe, upande wa bara, asubuhi na mapema, bahari imechafuka, unafika umelowa magoti, afu unakaa kwenye benchi na faili lako ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa natoka kule nikiwa na hasira naingia kwenye mbuzi, mbuzi nayo inalegea. Siku moja niliiacha uani na mvua ikainyea na sikuinuka kuiondoa.

Iliyonitoa ni tezo, kile kishoka cha fundi cha kuchongea mbao. Nilikwenda karakana ya mjomba Langoni kuomba msasa, nikamkuta anabadilisha mpini wa tezo yake. Alichomeka chuma, akapiga mbao mara mbili tatu, nikaona chuma kinazidi kuingia, hakuna skrubu hakuna gundi, pigo lenyewe ndo linakikaza. Akitaka kukitoa anagonga kwa nyuma mara moja. Nikasimama pale nimeshika msasa. Nikamwambia mjomba ulimi wangu unalegea. Hakuinua hata kichwa. "Wewe nazi waivuta wende wapi?"

Nikamwambia kwangu.

"Na ulimi wako waukimbilia wapi ukilegea?"

Kwangu. Jamani kwangu! Ukikuna, kifuu kinakufuata tumboni, na meno yakishakamata nyama ya nazi ulimi nao unasukumwa nyuma kuja kwa mkaaji. Nilikuwa naogopa uchomoke mbele na hakuna kitu kinachouvuta mbele. Nguvu yote inakuja nyuma, na nyuma ndo nilikuwa nimeacha mlango mpana. Kila nikikuna nilikuwa nautoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Basi nikageuza. Mfereji mpana mbele, mwembamba nyuma, shina linaingia kutoka mbele, na kila mvuto wa nazi unalizidisha kukaza. Kugeuza kukaleta mambo mawili mapya. La kwanza, mara ya kwanza nilifanya tofauti ya mbele na nyuma milimita 2 tu, ikakaza mpaka ikagoma kutoka, nikaigonga kwa nyundo nusu saa na mamangu ananiuliza kama nitaigonga hivyo ndani ya nyumba za watu huko. La pili, ukibonyeza ncha ya ulimi chini, mkia wake unainuka juu, kwa hiyo kukaza pembeni peke yake hakutoshi.

Vipimo vilivyofanya kazi ni hivi. Mfereji urefu sentimita 11. Upana mbele milimita 34, nyuma 26. Kina sawa na unene wa shina, usizidi hata kidogo. Mbavu za mfereji zimelala kwa ndani, chini pana kuliko juu, na mbavu za shina nimezipiga tupa zifuate ule ulalo. Na pale nyuma, sentimita 3 za mwisho, nimefunika kwa kipande cha shaba kilichobaki kwenye njumu za mlango, skrubu mbili fupi, mkia wa ulimi unaingia chini yake na hauna pa kuinukia. Kuutoa unagonga mkia kwa nyuma mara moja na mchi mdogo wa kinu, unateleza wenyewe. Mara moja tu. Nimeutoa na kuurudisha mara ishirini leo kwa sababu sauti yake ni tamu, tok, kama mlango mzuri ukifungwa.

Uzito sasa kilo 1 na gramu 900 na kila kitu. Nimeupima kwa mzani wa kuning'iniza begi, ambao ndo kitu bora nimenunua kwenye safari hii yote, bora hata kuliko koti.

Wanaosema ninunue brenda huko nimewasikia. Brenda inataka utoe nyama ya nazi kwenye kifuu kwa kisu, utamwaga damu siku moja, afu inasaga na lile ganda la kahawia, tui linatoka na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Tui la mkebe silikatai, siku za zamu nitatumia. Lakini samaki wa kupaka bila tui zito la kukamua kwa mkono siwezi kumwita hivyo.

Na habari iliyonifurahisha kuliko zote, nazi yenyewe naweza kuingia nayo. Nimesoma sheria za Umoja wa Ulaya usiku mzima wiki iliyopita. Tangu Desemba 2019 matunda ya nje yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano, nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Nazi imo! Nilimsomea mamangu kwa sauti. Embe haimo, kwa hiyo ngowe zake alizokuwa ameshazifunga kwa gazeti zimetoka begini, na samli imetoka pia maana nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kabisa. Alinuna mpaka nilipomwambia samaki ni ruhusa, hadi kilo 20. Kesho yake nimekuta ng'onda, samaki mkavu, kwenye kiatu changu cha baridi. Ulimi lazima uende begi kubwa, kwenye mkoba wa mkononi hairuhusiwi chuma chenye makali ya zaidi ya sentimita 6, wangu ni zaidi ya mara mbili. Kabla sijasahau, nimeuandikia pia karatasi ya maelezo kwa Kijerumani nikaipeleka darasani ikakaguliwe, na mwalimu akauliza kwa nini nasafiri na Ziege, kwa sababu nilikuwa nimetafsiri mbuzi kama mbuzi yule mnyama. Darasa zima likacheka, mimi pia. Sasa imeandikwa Kokosreibe, yaani kikunio cha nazi, na nimeshajua ni die Kokosreibe, neno la kwanza la Kijerumani ambalo sitakosea jinsia yake maisha yangu yote.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kupiga nakshi pembeni mwa kibao, ua moja dogo, na kupaka mafuta. Sijafanya na sidhani kama nitafanya, kwa sababu tangu saa nne kuna jambo lingine limenishika. Ulimi ukishakuwa unachomoka, hauhitaji kukaa kwenye mbuzi peke yake. Mfereji ule ule naweza kuuchimba kwenye kipande kifupi cha mwembe, sentimita 20 hivi, chini nikaweka kikamatio cha kubana ukingo wa meza. Chumba nilichopewa kule nimeonyeshwa picha, jiko ni la pamoja na watu watano na nafasi ya sakafu ya kukalia mbuzi sioni. Kwa meza nitakuna nimesimama. Nimechora tayari, nimekata mbao, mfereji nusu umeshachimbwa na mezani pamejaa maganda ya mwembe.

Mamangu ameangalia mchoro akaniuliza, "Mwanangu, ukune nazi umesimama kama mtu anayesubiri boti?" Nikamwambia siku za zamu tu. Ijumaa nitakaa.

Barua yenye W moja imetoka Alhamisi, alhamdulillah, jina limekaa sawa kila mahali nimelihakiki mara sita. Safari ya ubalozini Nairobi ni wiki ijayo, boti, basi mpaka Mombasa, treni. Hicho kipande cha meza nataka kiwe kimekauka gundi kabla sijaondoka.

Zile nazi tatu za leo mamangu ameshazikamua. Kesho ni mbaazi za nazi na mahamri, na chicha wamepewa kuku.