Ni nani wako?

Siku ya nne leo, na swali la yule bibi bado limenikaa kooni.

Jumamosi nilitoka zamu ya usiku, sikulala, nikashika njia kutoka Columbus hadi lile gulio la vitu vya kale upande wa Greenfield, humu Ohio. Ninachokitafuta mnakijua: chochote kilichosalia cha akina Patterson, waunda magari wa Greenfield. Ndani ya kopo la misumari nikaona kibati cha shaba kilichobanduliwa kwenye gari la farasi: C. R. Patterson & Sons. Mikono ikanitetemeka.

Mwenye meza, bibi mweusi wa makamo ya mama yangu, akaniuliza, "Mwanangu, huyu Patterson ni nani wako?"

"Si mtu wangu, bibi. Nakusanya tu."

Akakichukua, akakifuta kwa aproni, akakitia mfukoni. "Basi nitamngoja mtu wake."

Nakusanya tu! Kwa nini nilitamka neno hilo? Ningemwambia najua Charles Patterson alizaliwa utumwani Virginia, akafa 1910 akiacha karakana ya magari ya farasi. Kwamba mwanawe Frederick alitoa gari la injini mwaka 1915, dola 850, kampuni ya kwanza ya Wamarekani weusi kuunda magari. Kwamba hakuna hata moja linalojulikana kubaki, ndiyo maana nagombania tangazo la gazeti na kibati. Lakini hayo yote anayajua, na sikuulizwa hayo.

Jumatatu nikala kiapo cha uraia, dada naye akajifungua salama. Katikati ya vigelegele mimi bado namjibu bibi.

Jana usiku, napiga pasi, likanijia. Biashara ya magari ilipowashinda, akina Patterson waligeukia bodi za mabasi, mengi ya shule, wakizijenga juu ya fremu za viwanda vya wengine, hadi walipofunga 1939. Na baba yangu je? Lori lilikuja Tanga fremu tupu, yeye na wenzake wanapima, wanakata, wanagonga ribiti, mpaka abiria wanapanda. Tukiwa stendi alikuwa akilipiga basi ubavuni kwa kiganja: "Hili langu." Ubavuni limeandikwa jina la tajiri. La Baba halikuandikwa popote, na sina hata ribiti moja yake.

Nikaizima pasi, nikasema kwa sauti, chumba kizima kisikie: "Bibi, baba yangu alikuwa fundi bodi." Ilinitoka vizuri mno. Gulio jingine ni mwezi ujao. Nakwenda na picha yake.

Mama simu yake haipatikani tangu jana asubuhi. Jirani anasema umeme umekatika mtaa mzima. Mbona simu ya jirani inaita?