Siku moja maishani mwangu: filta, chati na saa mbili ya Keko

Saa 12:40 asubuhi. Simu inalia kabla ya alamu. Ni mteja wangu wa samani, pale Keko, Dar es Salaam. Namwamkia nikiwa nusu usingizini, anaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hakupiga kusalimiana.

"Mwanangu, hela yangu inaliwa bure? Nimefungua ile picha yako, mstari umelala chini kabisa. Wiki nzima wamebonyeza watu tisa?"

"Picha yangu" ni dashibodi, yaani ukurasa wa chati za matangazo yake ya mtandaoni. Nilimtumia linki mwezi uliopita ili asiwe ananipigia kila siku kuuliza biashara inaendaje. Naifungua kwenye simu: kweli, kliki tisa. Jana jioni ilikuwa nzima. Moyo unadunda, nawasha laptopu kitandani, naingia kwenye mipangilio ya ukurasa, na huko naikuta filta, yaani chujio la data, imekaa kimya: kifaa ni kompyuta.

Ni mimi. Jana usiku nilitaka kuona watu wa maofisini wanaotazama meza za ofisi kwa kompyuta. Filta nilipaswa kuiweka kwenye chati moja. Nikaiweka kwenye ukurasa mzima, nikafunga, nikalala. Wateja wa mama huyu wako kwenye simu karibu wote. Ukiondoa simu, umefunga duka.

Naitoa. Mstari unainuka.

"Mama, hebu funga ufungue tena."

Kimya. Halafu: "Ahaa. Sasa hawa watu walikuwa wamejificha wapi?"

"Niliwaficha mimi, mama. Nisamehe."

"Basi usiwe unawaficha asubuhi, nina presha."

Saa 2:15. Niko ofisini Sinza, chai ya rangi na chapati mbili pembeni ya kibodi. Tuko watatu: bosi, mimi, na kijana wa chuo aliye fildi kwa miezi miwili. Kabla ya kugusa kitu chochote napitia chati moja moja nikiuliza swali lile lile: hapa kimechujwa nini? Kwenye dashibodi yetu filta zinakaa sehemu tatu, yaani kwenye ripoti nzima, kwenye ukurasa, na kwenye chati yenyewe, na zote hufanya kazi kwa pamoja. Ripoti ikisema "Tanzania tu" na chati ikasema "Nairobi", utapata chati tupu, na hakuna atakayekuambia kwa nini.

Bibi yangu Tanga alikuwa akichuja tui kwa kifumbu, na machicha yalibaki mkononi mwake, akiyaona. Filta ya dashibodi haikuonyeshi machicha. Inakupa tui tu, nawe unaapa kwamba nazi yote ndiyo hiyo.

Saa 4:00. Kwa akaunti ya matangazo ya mama, siku mpya ndiyo kwanza inaanza. Aliyeifungua, kabla haijafika kwetu, aliiachia saa za California, na saa za akaunti ukishazichagua, kuja kuzibadilisha ni shughuli. Kipindi hiki cha mwaka tumewatangulia saa 10, kwa hiyo saa sita usiku ya kwao ni saa nne asubuhi yetu. Nikichuja "jana" saa tatu asubuhi naletewa sehemu kubwa ya juzi, maana jana yangu huko kwao bado ni leo. Ndiyo sababu ripoti ya siku siigusi kabla ya saa nne, hata bosi asimame nyuma ya kiti changu. Na leo alisimama.

Saa 5:20. Usafi. Chati ya vyanzo, yaani watu wametokea wapi, inaonyesha nguzo mbili za Instagram: moja imeanza na herufi kubwa, nyingine ndogo. Google Analytics, chombo kinachotuhesabia wageni wa tovuti, haichukulii hayo kuwa neno moja. Kijana aliweka filta ya "sawa na instagram", kwa hiyo kila linki niliyoiandika kwa herufi kubwa mwezi uliopita ilitupwa nje. Naandika kanuni ya kugeuza majina yote kuwa herufi ndogo kabla hayajafika kwenye chati, kisha nabandika karatasi ukutani: LINKI ZOTE HERUFI NDOGO. Karatasi yenyewe nimeiandika kwa herufi kubwa. Kijana amecheka, sijamjibu.

Tangazo linaloongoza kwa asilimia ya kliki ni la stuli: 50%. Zuri sana, mpaka uone kwamba limeonekana mara nne na kubonyezwa mara mbili. Hapa sasa filta ni rafiki. Naweka sharti: nionyeshe tu yaliyoonekana zaidi ya mara 1,000. Stuli inatoweka, na juu linabaki la kitanda cha mninga, ambalo ndilo linalolipa kodi ya mama.

Saa 7:00. Wali maharage kwa mama ntilie wa kona. Umeme umekatika, tumekula taratibu.

Saa 8:10. Umeme umerudi. Bosi anauliza mbona wanawake ukijumlisha na wanaume hawafikii jumla ya kliki. Kwa sababu kuna kundi la tatu, lisilojulikana jinsia, na ukichagua hao wawili tu unalitupa. Anataka tuligawanye nusu kwa nusu "ipendeze". Nakataa kwa adabu.

Saa 8:45. Hapa ndipo penye siku yangu yote.

Mama wa Keko anasisitiza matangazo yake yaonekane saa mbili usiku, watu wakishakula na kukaa na simu. Kijana alipewa kazi ya kuangalia kama saa hiyo inalipa. Analeta chati: "Kaka, saa mbili haina kitu. Kliki zipo, lakini wanaoandika WhatsApp ni wachache mno. Nimeshaandaa ujumbe kwa mteja tuizime."

Natazama filta yake. Saa: 2.

"Hii mbili ni ya nani?"

"Saa mbili, kaka. Ya mama."

Saa mbili usiku ya mama, kwa saa ya kompyuta, ni 20. Na kwa akaunti inayoishi California, 20 ya Dar ni 10 ya asubuhi yao. Nguzo aliyotakiwa kuitazama imeandikwa 10. Yeye kachuja 2, ambayo ukiirudisha huku ni saa sita mchana: watu wako kazini, wanabonyeza wakisubiri chakula, kisha wanasahau. Alikuwa anaihukumu jioni ya Keko kwa ushahidi wa mchana.

Siku nyingine ningemfokea. Leo, kwa simu niliyopigiwa saa kumi na mbili, nimevuta kiti tu. Tumeongeza safu mpya: saa ya akaunti jumlisha 10, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Tumekumbuka pia kwamba zile saa zinazovuka huhama na tarehe. 15 ya Jumatatu ya kwao kwetu ni saa saba usiku, na kumekwisha kuwa Jumanne. Pembeni nimeandika kwamba Novemba, California wakirudisha saa zao nyuma, ile 10 ya kujumlisha iwe 11.

Chati mpya imetoka. Nguzo ya 20 ndiyo ndefu kuliko zote. Kijana akafuta ule ujumbe herufi moja moja, kana kwamba kuufuta wote kwa mpigo kungepiga kelele.

Saa 11:30 jioni. Chini ya kila chati nimeandika mstari mmoja wa maandishi madogo: vifaa vyote, saa za Dar es Salaam, mikoa yote. Chati inaonekana imejaa jaa kidogo. Na ijae. Nimemtumia mama: "Mama, ulisema kweli. Wakati wako ndio unaouza. Angalia nguzo ya 20."

Saa 1:50 usiku, niko kwenye daladala, nimebanwa dirishani. Sauti ya mama kwenye WhatsApp, sekunde sita:

"Nimeiona, mwanangu. Sasa hiyo ishirini ndiyo saa ngapi?"

Nikifika nyumbani naifungua tena laptopu.